Ukiulizwa hali usiishie kwenye sijambo: mwongozo wa kuitunza akili kwa mtu mzima mwenye CF

Sisi tumefundishwa tangu wadogo ukiulizwa hujambo unajibu sijambo, hata uwe na homa inayokutetemesha, hata uwe umetoka kuzika, kwanza sijambo alafu mengine yafuate kidogo kidogo, na wengi tunaongeza alhamdulillah na mazungumzo yanahamia kwa watoto. Ni adabu nzuri na mie naipenda. Lakini adabu hiyo hiyo ndo ilonifanya miaka mitatu mfululizo nijaze fomu ya kliniki sifuri toka juu mpaka chini, sina huzuni, sina wasiwasi, nalala vizuri, na huku nyumbani nalia bafuni nimefungua bomba ili mume wangu asisikie.

Nimezaliwa Muscat kwa wazee wa Unguja, sasa naishi Uingereza, na nina sistiki faibrosisi tangu utotoni, ambayo huku kila mtu anaiita CF tu na mie ntaiita hivyo hivyo. Kwa asojua: ni maradhi ya kurithi, lazima upate kinasaba kibovu kwa baba na kwa mama wote wawili, kinasaba chenyewe kinaitwa CFTR na kiligunduliwa 1989. Kikiharibika chumvi na maji havipiti sawasawa kwenye seli, makohozi yanakuwa mazito kama gundi, kongosho linaziba, na jasho linakuwa la chumvi kali. Bibi yangu alikuwa akinibusu kwenye paji anasema mtoto huyu kama kachovywa baharini, hakujua kama ndo anatoa majibu ya kipimo. Watu wengi wanadhani ni maradhi ya Wazungu peke yao, na kweli kwao ndo yamejaa, lakini kwetu Oman na Imarati yapo, kuna badiliko la kinasaba linaloitwa S549R linaonekana sana kwenye familia za huko, na ndo hilo nilonalo mie.

Mambo ya mapafu utayapata kila pahali. Ya akili kwa lugha yetu sijayaona, ndo maana naandika. Mie sio daktari, ni mgonjwa wa miaka mingi, kwa hiyo chochote kinachohusu dawa peleka kwa timu yako kabla hujakifanya.

Hatua ya 1: jibu mara ya pili

Tangu 2016 mwongozo wa pamoja wa Marekani na Ulaya unasema kila mwenye CF kuanzia miaka 12 aulizwe kuhusu akili yake kila mwaka. Fomu ni mbili. Moja inaitwa PHQ-9, ina maswali tisa kuhusu huzuni na kukata tamaa, ya pili GAD-7, maswali saba kuhusu wasiwasi. Zote zinauliza wiki mbili zilizopita tu, na kila swali unapata 0 kama hamna kabisa, 1 kama ni siku kadhaa, 2 kama ni zaidi ya nusu ya siku hizo, 3 kama karibu kila siku. Unajumlisha. Chini ya 5 uko pazuri, 5 mpaka 9 ni dalili ndogo za kuangaliwa, na ukifika 10 kwenye yoyote kati ya hizo mbili basi lazima mtu akae na wewe mzungumze.

Namna ya kuzijaza, na hapa naomba unisikilize sana. Usijaze pale kwenye benchi la kliniki ukiwa na mama au mume pembeni anachungulia. Omba utumiwe nyumbani au ingia chumba cha peke yako. Kila swali lijibu kwanza kwa adabu zako, sijambo, alhamdulillah, umemaliza, alafu jiulize tena swali lile lile kama vile anayekuuliza ni mtu asiyekujua wewe wala ukoo wako na hutamuona tena. Jibu la pili ndo la kuandika. Kama Kiingereza kinakupa tabu PHQ-9 ipo ya Kiswahili, muombe nesi aitafute, na Uingereza mkalimani wa hospitali ni bure kwa hiyo usimfanye mtoto wako ndo mkalimani, mtoto hatakiwi kutafsiri huzuni ya mama yake.

Na usione haya kwamba ni wewe tu. Ulifanyika utafiti mkubwa kwenye nchi tisa, matokeo yakatoka 2014, zaidi ya wagonjwa elfu sita waliulizwa. Kwa watu wazima wenye CF asilimia 19 walikuwa na dalili za sonona na asilimia 32 dalili za wasiwasi, ni mara mbili tatu ya watu wa kawaida. Kwa mama wenye watoto wa CF ilikuwa asilimia 37 na 48! Nilipoiona hiyo nilimkumbuka mama yangu anavyokaa macho usiku akihesabu pumzi zangu, na hakuna siku hata moja daktari alomgeukia yeye akamuuliza na wewe je.

Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kama umewaza kwamba bora ufe au kujidhuru. Kama jibu lako ni chochote zaidi ya sifuri usingoje miadi ya miezi mitatu ijayo, mwambie mtu leo. Uingereza Samaritans wanapokea 116 123 saa zote bila malipo, England ukipiga 111 unachagua 2 kwa mambo ya akili, na hatari ikiwa ya sasa hivi ni 999. Marekani na Kanada ni 988. Uko nyumbani Afrika Mashariki au Ghuba, nenda hospitali iliyo karibu na uende na mtu, usiende peke yako. Kuwaza hivyo sio kukufuru, ni dalili, na dalili hutibiwa.

Hatua ya 2: uangalie mwili kabla hujasema ni kichwa

Mwili wetu una njia nyingi za kujifanya wasiwasi. Sukari kwanza. Karibu nusu ya watu wazima wenye CF wanapata kisukari cha CF, na sukari ikishuka unatetemeka, jasho linakutoka, moyo unakwenda mbio, ukaapa umepatwa na hofu kumbe unataka juisi. Ukiwa na kipimo cha kidole, pima wakati ule ule hofu inapokuja na uandike namba. Dawa ya kufungua kifua, salbutamol, nayo inatetemesha mikono na kupiga moyo. Prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, inaweza kukunyima usingizi na kukufanya mkali kwa watu wasio na kosa. Kukohoa usiku kucha peke yake kunatosha kumfanya mtu aichukie dunia asubuhi.

Alafu kuna vidonge vipya vya kuisaidia CFTR ifanye kazi yake, na hapa ntakaa kidogo. Mie natumia Kalydeco, wenzangu wengi zaidi wanatumia Kaftrio ambayo Marekani inaitwa Trikafta, ilipitishwa kule Oktoba 2019 na Ulaya 2020. Ni dawa ilobadilisha maisha ya watu, mtu alokuwa kwenye orodha ya kupandikizwa mapafu leo anapanda mlima, sitaki mtu asome hapa akaogope akaacha. Lakini kuna wanaopata huzuni, kukosa usingizi, akili kuwa na ukungu, kusahau maneno. Karatasi ya dawa yenyewe Ulaya sasa inaonya kuhusu sonona na mawazo ya kujiua, na inasema mara nyingi inatokea ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, hasa kwa mtu ambaye alishawahi kuwa na tatizo la akili kabla. Kwa hiyo unapoanza:

- Jaza PHQ-9 na GAD-7 kabla ya kidonge cha kwanza, hifadhi namba zako kwenye simu.
- Rudia kila wiki mbili kwa miezi mitatu.
- Mchague mtu mmoja wa nyumbani umwambie "ukiniona nimebadilika nambie", maana mwenyewe unaweza usijione.
- Namba zikipanda piga simu kliniki. Kuna watu walopunguziwa dozi na daktari, au kubadilishiwa saa za kumeza, wakapata nafuu. Usipunguze mwenyewe, usiache mwenyewe.

Na kuna huzuni ambayo haitoki kwenye kemikali ya dawa, inatoka kwenye mafanikio yake. Umeishi miaka thelathini ukijua hutofika arubaini, hukusoma sana kwa sababu kwani kuna faida gani, hukuweka akiba, uliogopa kuoa, alafu ghafla wanakwambia utazeeka. Unatakiwa ufurahi na hufurahi, na unaona haya kusema hivyo kwa sababu kuna mwenzio ambaye kinasaba chake hakikubali dawa hiyo, na hilo linawakuta zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia, wenzetu kabisa. Hiyo nayo ipeleke kwa mwanasaikolojia, wanaijua.

Hatua ya 3: tiba

Kliniki nyingi za CF za watu wazima zina mwanasaikolojia wao na hulazimiki kuwa mahututi ili umuone. Sema tu kwa nesi wako "nataka miadi na saikolojia", maneno hayo hayo, usizunguke. England pia unaweza kujiandikisha mwenyewe NHS Talking Therapies, huduma ya serikali ya tiba ya mazungumzo, bila barua ya daktari, ila watu wa CF wanaijua CF, hutopoteza vikao viwili vya mwanzo kueleza makohozi ni nini. Tiba ya mazungumzo inayotumika sana ni CBT, wanakufundisha kulikamata wazo linapoanza, mfano mie kila nikikohoa na kuona damu kidogo wazo la kwanza lilikuwa nakufa leo, sasa nina karatasi ilobandikwa kwenye kabati: kiasi gani, piga simu gani, kaa vipi. Damu bado inatisha. Lakini sasa najua pa kuanzia.

Vidonge vya sonona vipo na mwongozo ule wa 2016 unataja vinne vya kuanza navyo kwa watu wa CF, citalopram, escitalopram, sertraline na fluoxetine. Havifanyi kazi siku mbili, vipe wiki nne mpaka sita, na wiki za mwanzo tumbo linaweza kukuchafuka. Mfamasia wa CF lazima ajue kila unachokunywa. Hapa naomba uwe makini na dawa za mimea, kuna moja ya dukani watu wanainunua kwa ajili ya huzuni inaitwa St John's wort, hiyo inaipunguza nguvu Kalydeco na Kaftrio, usiiguse. Balungi nalo linapandisha dawa mwilini, liache. Na ukiwa safarini nyumbani mtu akaamua kukuanzishia dawa za TB kwa sababu ya kikohozi, rifampicin ina shida hiyo hiyo ya St John's wort, kwa hiyo wapigie timu yako kabla hujameza.

Na dua? Omba dua. Mie naswali, nasoma nyiradi, na mama yangu ananisomea maji mpaka leo na ninayanywa kwa mapenzi. Sijaona pahali dua imekatazana na mwanasaikolojia. Shida ni pale mtu anapoambiwa umepagawa, au imani yako ndogo ndo maana una huzuni, akaacha dawa za mapafu akapelekwa kwa mganga mwezi mzima. Ukiona mazungumzo ya ukoo yanaelekea huko, mtume mtu mzima mmoja anayeheshimika, ami au shangazi, akazungumze kwa niaba yako, usipigane wewe mwenyewe ukiwa mgonjwa.

Hatua ya 4: punguza mzigo, usiubebe kwa kimya

Nebulaiza asubuhi (mashine ya kuvuta dawa kama mvuke), fizio ya kutoa makohozi, vidonge na chakula chenye mafuta, kepsuli za vimeng'enya kila unapokula, insulini, nebulaiza jioni, kuosha vifaa. Masaa mawili matatu yamekwenda kila siku na hujaenda kazini. Watu wengi wanaacha baadhi kimya kimya alafu wanadanganya kliniki, alafu wanaishi na dhambi mbili, ya kuacha na ya kudanganya. Andika wiki moja kweli kweli ulichofanya na ulichoacha, peleka orodha hiyo, sema "hivi ndo ninavyoweza, nisaidieni nichague". Mie ilinichukua miaka kusema sentensi hiyo na fiziotherapisti wangu hakukasirika hata kidogo, alitoa kalamu tukapanga upya.

Mzigo mwengine sisi Waislamu tunaubeba bila kuutaja. Kepsuli za vimeng'enya kama Creon zinatokana na kongosho la nguruwe. Niliambiwa nikiwa na miaka kumi na nne na binamu yangu, mezani, mbele ya watu, na kwa muda mrefu nikawa nazimeza najisikia najisi, siku nyengine sizimezi, alafu tumbo linaniuma na uzito unashuka. Nenda kamuulize shekhe unayemuamini ukiwa na maelezo kamili, kwamba bila hizo chakula hakisagiki na hamna nyengine ya kufaa kwako. Mie nilijibiwa ni dharura na dharura ina ruhusa yake, nikalia pale pale.

Ramadhani ni hivyo hivyo. Mwili wetu unapoteza chumvi nyingi kwa jasho, ukifunga kwenye joto la Muscat au Mombasa unaweza kuishia kwenye dripu. Mgonjwa kapewa ruhusa, na mwenye maradhi ya kudumu analisha maskini kwa kila siku. Lakini ruhusa haikuondolei upweke wa kula peke yako jikoni mchana. Kinachonisaidia mie: napika futari ya watu, nakaa nao magharibi na kikombe changu cha uji kama wote, na wageni wakiuliza mume wangu ndo anajibu.

Hatua ya 5: maneno ya kumwambia mtu

Kikohozi chetu kinasikika kama TB. Kwenye daladala, msikitini, harusini, watu wanasogea, na ukiwa mwembamba wanamalizia na la pili bila kulitaja. Huna deni la kumueleza kila mtu. Andaa sentensi moja ya mtaani na uiseme kwa utulivu: "Ni mapafu ya kuzaliwa nayo, haiambukizi." Basi, ugeuke.

Kwa wa karibu inahitaji zaidi. Mchague mmoja. Usianze kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, utapata pole themanini na dawa za asali arubaini. Mimi nilianza na mama, kwa simu, nilikuwa nimeandika kwenye karatasi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, hujambo?"
"Mama, leo nataka nisikujibu sijambo."

Akanyamaza. Alafu akasema, "Haya, nambie." Nikamsomea karatasi: moyo wangu umechoka, daktari kasema ni sonona, inatibika, sitaki unitafutie dawa, nataka unipigie Jumapili tuzungumze mambo mengine. Kumwambia mtu unachotaka ni muhimu kuliko kumueleza unachoumwa, kwa sababu mama wa Kiswahili ukimpa habari bila kazi atajitafutia kazi mwenyewe.

Hatua ya 6: ndoa na watoto

Hili watu wanaulizana faraghani tu, ngoja niseme wazi. Karibu wanaume wote wenye CF, kama asilimia 98, mirija ya kupitisha mbegu haipo au imeziba, kwa hiyo hawapi mimba kwa njia ya kawaida. Lakini mbegu zenyewe wanatengeneza, zinaweza kuchukuliwa hospitali na kurutubisha yai nje. Nguvu za kiume hazina uhusiano na hilo hata kidogo. Najua kijana aloambiwa habari hii kwa dakika mbili mwisho wa miadi, akavunja uchumba bila kumwambia binti wa watu sababu, na miaka miwili hakutoka ndani. Kwa hiyo kaka yangu, omba miadi maalum ya uzazi, nenda na mchumba kama yupo, na uulize maswali yote mpaka yaishe. Wanawake kwetu ni kinyume, wengi tunashika mimba, na wanaotumia vidonge vipya wanashika hata bila kutarajia, kwa hiyo panga.

Kabla ya watoto mwenzio apimwe kinasaba, hasa mkiwa ndugu wa ukoo mmoja kama ilivyo desturi yetu. Mtoto wako lazima atarithi kinasaba kimoja kibovu kutoka kwako, kama mwenzio naye ni mbebaji, yaani ana kinasaba kimoja kibovu bila kuumwa, basi kila mimba ni nusu kwa nusu kupata mtoto mwenye CF. Wazazi wako walikuwa wabebaji wawili, kwao ilikuwa moja kwa nne. Hawakujua, usiwalaumu, na wao wasijilaumu.

Hatua ya 7: wenzio, lakini kwa mbali

Jambo linaloniuma kuliko yote ni kwamba hatuwezi kukaa pamoja. Tunaambukizana vijidudu kama Pseudomonas na Burkholderia ambavyo mtu mzima wa afya havimfanyi kitu, ndo maana kliniki inamuweka kila mmoja chumba chake na tunaambiwa tukae mbali angalau mita mbili. Mtu pekee anayeelewa usiku wako ndo huyo huruhusiwi kumkumbatia. Kwa hiyo tafuta kundi la video la chama cha CF cha nchi yako, uwe na mwenzio mmoja wa kufanya naye nebulaiza kwenye simu, kila mmoja kwake. Mie na rafiki yangu tunafanya saa moja asubuhi kila siku, tuna miaka sita, hatujawahi kuonana uso kwa uso. Akichelewa kujitokeza dakika tano tu namtumia ujumbe.

Hatua ya 8: pesa, kwa ufupi

Wasiwasi mwengine ni bili tu. England CF haimo kwenye orodha ya maradhi yanayopata dawa bure, orodha iliandikwa 1968 wakati watoto wetu hawakuwa wakifika utu uzima na hakuna aloirudia kutuingiza. Ukiwa na kisukari cha insulini unasamehewa, kama huna nunua cheti cha kulipia mapema cha mwaka mzima, ni nafuu mno kuliko kulipa kila dawa. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hawalipi. Muombe ofisa wa ustawi wa kliniki akujazie fomu ya PIP, posho ya serikali kwa mwenye maradhi ya muda mrefu au ulemavu, na wewe, na siku ya kuijaza eleza siku yako mbaya ilivyo, sio siku nzuri, na kwenye lile swali la kwanza kabisa kuhusu hali yako usiandike sijambo.